Mwalimu akiombwa kushiriki utafiti wa mafunzo ya stadi za kijamii na kihisia: namna ya kuuliza, kuridhia na kujibu

Mara nyingi habari hufika wakati wa mapumziko ya saa nne. Mwalimu mkuu anaingia na wageni wawili katika ofisi ya walimu, anawatambulisha kuwa ni watafiti, anasema shule yetu imebahatika kuchaguliwa, kisha karatasi zinaanza kuzungushwa huku kengele ya kurudi darasani ikikaribia kugongwa. Katika dakika hizo chache mwalimu anatia saini jambo litakalochukua muda wake kwa miezi kadhaa na litakalomtaka aeleze anavyokasirika, anavyoadhibu na anavyolala usiku. Mwongozo huu ni kwa ajili ya dakika hizo na miezi itakayofuata. Nimeuandika kwa walimu wenzangu wa shule za msingi na sekondari za Dar es Salaam, kuanzia Bunju hadi Chanika na Kigamboni, kwa kuwa jiji lenye vyuo vingi kama hili haliishi kutembelewa na watafiti wa elimu.

Stadi zenyewe si ngeni kwetu, ingawa jina lake ni jipya kidogo. Kila aliyewahi kuwa mwalimu wa malezi na unasihi, au aliyefundisha stadi za maisha, ameshazigusa. Shirika la CASEL la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1994 na ambalo mgawanyo wake hutumiwa na watafiti wengi, huzipanga katika makundi matano: kujitambua, kujimudu, kuwaelewa wengine, kujenga mahusiano, na kufanya maamuzi ya kuwajibika. Mafunzo mengi humlenga mwalimu kwanza, kwa hoja kwamba mwalimu asiyeweza kuituliza hasira yake hawezi kumfundisha mtoto kuituliza ya kwake; utafiti nao huja kupima kama hoja hiyo inasimama. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2011, uliojumlisha programu 213 na wanafunzi 270,034, ulionyesha kuwa programu za shuleni za stadi hizi ziliinua tabia za wanafunzi na hata matokeo yao ya masomo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya programu hizo ilikuwa Marekani, katika madarasa yasiyofanana na darasa la Mbagala ambalo wanafunzi wa mkondo wa mchana wanasubiri mlangoni wenzao wa asubuhi watoke. Jibu la kama mafunzo haya yanafaa katika darasa la namna hiyo liko kwa anayelifundisha.

Utafiti wa kwanza niliowahi kushiriki, nikiwa na miaka michache kazini katika shule moja ya msingi wilayani Temeke, sikuutendea haki. Hojaji ilituuliza ni mara ngapi katika wiki iliyopita tulimfokea mwanafunzi. Nilizungushia «mara nyingi», kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikaona hojaji zilizojazwa zinarundikwa wazi mezani kwa kiongozi wetu, naye anazifunua moja moja huku akisubiri za wengine. Nilifuta, nikazungushia «mara chache». Mwenzangu aliyeketi pembeni yangu alifanya vivyo hivyo. Hakuna aliyeulinda ukweli wetu, nasi hatukujua kwamba tulikuwa na haki ya kudai ulindwe. Mengi ya yafuatayo yanatokana na siku hiyo.

Barua ya kibali inamruhusu mtafiti, haikulazimishi wewe

Anza na barua. Mtafiti kutoka nje ya nchi hutakiwa kuwa na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Mtafiti wa chuo cha hapa nchini huja na barua ya chuo chake. Kutoka hapo barua hushuka ngazi kwa ngazi: ofisi ya mkoa au wilaya, Mkurugenzi wa Manispaa (au wa Jiji, kwa shule za Ilala), Afisa Elimu, Afisa Elimu Kata, hadi kwa mwalimu mkuu au mkuu wa shule. Karatasi hizo ni tofauti na idhini ya bodi ya maadili ya utafiti, ambayo kazi yake ni kupima kama utafiti unaweza kuwadhuru wanaoshiriki. Mtafiti makini anazo zote na haoni tabu kuzionyesha.

Walimu wengi huchanganya hapa. Barua ya Mkurugenzi inasema mtafiti apewe ushirikiano, nasi tumezoea kusoma neno «ushirikiano» kama agizo. Maana yake ni kwamba mtafiti ameruhusiwa kuingia katika eneo la shule na kuzungumza na walimu walio tayari. Ridhaa ni yako binafsi, na hakuna ngazi ya utawala inayoweza kuitoa kwa niaba yako. Ukikataa, au ukikubali kisha ukajitoa katikati, jambo hilo halipaswi kuingia katika tathmini yako ya kazi, uhamisho wako wala daraja lako, na fomu ya ridhaa inapaswa kulitamka hilo kwa maneno yanayoeleweka.

Kukataa saini ya papo kwa papo si utovu wa nidhamu, mradi useme kwa adabu. Mimi hutumia maneno haya, na sijawahi kuona kiongozi akiyachukulia vibaya: «Mwalimu Mkuu, naomba nibaki na fomu hii hadi kesho niisome vizuri, kisha nitamrejeshea mtafiti mwenyewe.» Sehemu ya mwisho ina uzito wake. Fomu ikirudi kwa mtafiti moja kwa moja, mwalimu mkuu hatajua nani amekubali na nani amekataa, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Ukiwa nyumbani, isome fomu kwa kutafuta mambo machache. Utafiti unataka kujua nini? Utachukua saa ngapi kwa jumla, na saa hizo ni za kazi au za baada ya kazi? Nani ataona majibu yako, yatahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na yatapelekwa nje ya nchi au la? Jina lako litaandikwa juu ya hojaji, au utapewa namba? Ukitaka kujitoa, taarifa ulizokwisha kutoa zitafutwa au zitabaki? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa msingi wa kuuliza maswali haya bila kuonekana msumbufu: taarifa zako zikusanywe kwa lengo lililotajwa, zisizidi zinazohitajika kwa lengo hilo, na kwa taarifa nyeti, kama zile za afya, ridhaa yako iwe ya maandishi. Maswali kuhusu msongo wa mawazo, usingizi na huzuni ni ya afya. Mwisho wa fomu pawe na mawasiliano ya aina mbili, ya mtafiti na ya bodi ya maadili, kwa sababu ukiwa na malalamiko dhidi ya mtafiti huwezi kumpelekea yeye mwenyewe. Nakala moja ya fomu ibaki kwako.

Kuhusu fedha sina mengi ya kusema. Uliza mapema kama kuna nauli au posho, kiasi gani na italipwa lini. Ni fidia ya muda na safari, kwa hiyo anayejaza «sikubali kabisa» kila mahali anastahili sawa na anayejaza «nakubali kabisa». Usisaini karatasi ya malipo ambayo nafasi ya kiasi iko wazi.

Ratiba, kabla hujasema ndiyo

Weka kalenda ya utafiti pembeni ya kalenda ya shule. Septemba ina mtihani wa darasa la saba, Novemba ina wa kidato cha nne, na walimu wa madarasa hayo hawana nafasi ya kuhudhuria semina ya siku tatu katika wiki zinazotangulia. Masika nayo, kuanzia Machi hadi Mei, hubadilisha kila kitu kwa mwalimu anayetoka Chanika kwa daladala kwenda kwenye mafunzo yanayofanyika katikati ya jiji: safari ya saa moja inakuwa ya saa tatu. Mweleze mtafiti mambo haya mwanzoni. Ratiba isiyojua mvua wala zamu itawafanya walimu waache mafunzo katikati, na wanaoacha wakiwa ni wale wenye mizigo mizito zaidi, utafiti utabaki na waliokuwa na nafuu tangu mwanzo na kudhani mafunzo ndiyo yaliyowapa nafuu hiyo.

Uliza pia nani atashika darasa lako. Wanafunzi 90 wakiachwa na monita kwa siku tatu ili mwalimu wao akafundishwe namna ya kuwajali, kuna kitu hakijapangwa sawasawa.

Shule yako ikiangukia kundi la kulinganishia

Tafiti nyingi za mafunzo hugawa shule kwa bahati nasibu. Baadhi hupata mafunzo sasa, nyingine hubaki kama zilivyo na kupimwa vilevile. Nimewasikia walimu wa kundi la pili wakilalamika kwamba wametumiwa bila kupewa kitu, na malalamiko yao yana haki kama hawakuelezwa mapema. Ugawaji wa bahati nasibu una sababu. Kama shule zenye viongozi wenye ari ndizo zingepewa mafunzo, mwisho wa mwaka hakuna angejua mabadiliko yaliletwa na mafunzo au na ari hiyo. Wewe usiyepata mafunzo ndiye unayeonyesha mwaka ungekwendaje bila hayo mafunzo. Unachopaswa kuuliza ni kama kundi lenu litapewa mafunzo hayohayo baada ya kipimo cha mwisho, na jibu liwe kwenye maandishi.

Upande wa pili una jaribu lake. Mwalimu aliyepata mafunzo ana kundi la WhatsApp la kata, ana dada yake anayefundisha shule ya jirani, na anapoona zoezi zuri la kutuliza darasa anataka kuwarushia wengine. Kushirikishana ni desturi yetu na ndiyo roho ya jumuiya za kujifunza za MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini). Lakini zoezi hilo likifika katika shule za kulinganishia, tofauti kati ya makundi hufifia na mafunzo mazuri yanaweza kuonekana hayana faida. Muulize mtafiti zuio la kushirikishana linaisha tarehe gani, uiandike, na siku hiyo ikifika washirikishe wenzako bila kubakiza.

Kujaza hojaji

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo utafiti mwingi unapopotea.

Dai kwanza mazingira. Kaa mahali ambapo mwenzako haoni karatasi yako, na hojaji iingizwe na wewe mwenyewe katika bahasha ya kufunga au sanduku la mtafiti. Kama mpango ni kuzikusanya mezani kwa mwalimu mkuu, sema kwa utulivu kwamba ungependa kumkabidhi mtafiti mkononi. Kama unajaza kwenye simu au kishikwambi cha mtafiti, hakikisha yeye hasimami nyuma yako.

Chagua lugha unayofikiria kwayo. Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali anafundisha kwa Kiswahili siku nzima. Hana sababu ya kueleza hasira yake kwa Kiingereza. Hata katika hojaji ya Kiswahili, chunguza maneno yaliyotafsiriwa haraka. Niliwahi kukutana na sentensi iliyosema, «Naweza kudhibiti hisia zangu juu ya wanafunzi.» Katika chumba kimoja walimu watatu waliielewa kwa namna tatu: mmoja alidhani inaulizwa kuhusu hasira, wa pili kuhusu mapenzi, na wa tatu, aliyezoea kusema «nahisi huyu ndiye aliyeiba», alidhani inaulizwa kuhusu kumshuku mtoto. Wote walizungushia namba, na mtafiti angezijumlisha kama jibu la swali moja. Neno «huruma» nalo huwekwa mahali ambapo mtafiti anakusudia kujiweka katika nafasi ya mwenzako, ilhali kwetu mtu anaweza kumwonea mtoto huruma bila kuelewa hata kidogo kinachomsumbua. Na «kujiamini» kwa mtoto, ambako katika mafunzo huhesabiwa kuwa stadi, kwa baadhi ya wazazi na walimu kuna harufu ya ukaidi. Ukikutana na neno la namna hii, andika pembeni ya swali ulivyolielewa. Maneno matano ya pembeni yanaweza kumwokoa mtafiti na kosa ambalo asingeligundua akiwa mezani kwake. Mradi wa ALiVE, uliopima stadi na tunu za vijana wa miaka 13 hadi 17 katika Kenya, Tanzania na Uganda, ulitengeneza vipimo vyake humu humu Afrika Mashariki badala ya kuazima, na mimi naona njia hiyo ndiyo sahihi zaidi. Pale ambapo vipimo vimeazimwa, mwalimu anayeandika pembeni ndiye anayeziba pengo.

Soma mara mbili sentensi zenye kanusho. «Si kawaida yangu kukosa uvumilivu» ikifuatiwa na «sikubali» imewaangusha walimu wengi wenye shahada. Usizungushie namba moja kuanzia juu hadi chini ili umalize. Kama umechoka, sema umechoka, ujaze kesho. Swali usilotaka kulijibu liache wazi. Nafasi tupu ni taarifa ya kweli, namba ya kubahatisha siyo.

Kisha kuna jambo ambalo sikuwahi kuelezwa na mtu, nikaligundua baada ya mafunzo ya pili niliyohudhuria. Kabla ya mafunzo niliulizwa kama ninatambua dalili za hasira yangu kabla haijanitawala. Nilijipa 4 kati ya 5, nikiamini kwa dhati. Baada ya wiki sita za mafunzo, baada ya kuanza kuona jinsi taya langu linavyokaza dakika kumi kabla sijafoka, niliulizwa swali lilelile, na jibu la haki lilikuwa 3. Sikuwa nimerudi nyuma. Nilikuwa nimepata jicho la kuona nisichokuwa nikikiona. Watafiti wanaujua mtego huu, kwamba mafunzo hubadilisha kipimo ambacho mtu anajipimia. Mwalimu akipandisha namba ili asionekane kashuka, au ili kuwafurahisha wakufunzi aliowapenda, anauficha. Toa namba ya leo kwa ufahamu wa leo, na kama kuna mahojiano baada ya hojaji, eleza kwamba jibu la mwanzo ungelitoa tofauti kama ungejua unachokijua sasa.

Swali la fimbo

Karibu kila utafiti wa stadi hizi katika shule zetu hufika kwenye adhabu, na mwalimu anayejibu kwa ukweli anaweza kuwa anakiri kosa. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe katika daftari maalumu. Sote tunajua ni mara ngapi fimbo ya mwalimu wa zamu getini inazingatia masharti hayo. Kwa hiyo mwalimu anaulizwa, «Wiki iliyopita uliwachapa wanafunzi wangapi?», naye anapiga hesabu ya ajira yake kabla ya hesabu ya wanafunzi.

Swali hilo lisijibiwe kwa uongo wala kwa ujasiri usio na kinga. Kabla ya kujibu, hakikisha hojaji ina namba badala ya jina, kwamba orodha inayounganisha namba na majina inahifadhiwa mbali na majibu, na kwamba ripoti haitaitaja shule kwa jina wala kwa maelezo yanayoitambulisha, kama «shule iliyo karibu na kivuko cha Kigamboni». Vinginevyo acha swali wazi. Ukiridhika na majibu ya mtafiti, sema yaliyo kweli. Mafunzo yanayosaidia walimu kuacha fimbo hayawezi kuthibitishwa kwa walimu waliokwisha kuandika kwamba hawakuwahi kuishika.

Usiri una mpaka mmoja, na ni haki uujue mapema. Ukieleza jambo linaloonyesha kwamba mtoto fulani yuko katika hatari, kwa mfano anafanyiwa ukatili nyumbani au shuleni, mtafiti anaweza kuwajibika kulitolea taarifa, na wewe pia, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za haki ya mtoto kuvunjwa azifikishe katika mamlaka ya serikali za mitaa. Usisubiri utafiti kwa jambo hilo. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na simu ya bure 116 vipo kila siku.

Mtafiti akiketi nyuma ya darasa

Fundisha kama ulivyofundisha jana. Kama wanafunzi hukaa wanne kwenye dawati moja, wakae wanne. Usiwahamishie wasumbufu darasa la jirani, usirudie somo walilokwisha kulijua. Waambie tu watoto kwamba mgeni amekuja kujifunza namna tunavyosoma, na kwamba hakuna anayepewa alama. Kipindi cha kwanza kitakuwa cha kujikaza kwa kila mtu. Ndiyo maana watafiti wazuri huja zaidi ya mara moja.

Katika majadiliano ya kikundi, tahadhari ni ya aina nyingine. Mtafiti anaweza kuahidi kwamba yeye hatasema, lakini hawezi kuahidi kwa niaba ya wenzako saba waliokaa duara. Usiyotaka yafike ofisini yaweke akiba kwa ajili ya mahojiano ya watu wawili, na unapotoa mfano wa mwalimu mwingine, mfanye asitambulike. Kama kuna kinasa sauti mezani, una haki ya kuomba kizimwe kwa sehemu fulani.

Baadhi ya tafiti huomba shajara ya kila wiki. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayojazwa vibaya kuliko zote, kwa sababu tunaijaza Ijumaa saa nane mchana kwa lugha ya ripoti. Tazama tofauti. Mwalimu mmoja anaandika: «Wiki hii nimetumia stadi za kudhibiti hasira na zimeleta mafanikio makubwa kwa wanafunzi.» Mwingine anaandika: «Jumanne, kipindi cha 5, wasichana wawili walianza kusukumana kwa ajili ya nafasi kwenye dawati. Nilipandisha sauti. Nikakumbuka zoezi la kupumua, nikanyamaza kama nusu dakika huku darasa zima likinitazama. Mmoja akaomba radhi. Mwingine akaanza kulia, na sikujua la kumfanyia, nikaendelea na hesabu.» Shajara ya pili inamweleza mkufunzi kitu kimoja kamili: mafunzo yamempa mwalimu namna ya kujituliza, hayajampa namna ya kumpokea mtoto anayelia. Andika siku, kipindi, ulichofanya na kilichokushinda, na uandike siku hiyohiyo, hata kama ni mistari mitatu nyuma ya andalio la somo.

Ridhaa ya watoto haipitii kwako

Mtafiti anapotaka kuwapima wanafunzi wako, chini ya miaka 18 ridhaa ni ya mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe naye aulizwe kama anataka. Utaombwa kugawa fomu na kuzikusanya; ni kazi nzito kuliko inavyoonekana, hasa pale ambapo mzazi anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi soko la samaki Feri na kurudi mtoto amelala. Fomu 20 zitapotea njiani. Usizijaze wewe, usimwambie mtoto asaini kwa niaba ya mama yake, na usimwambie anayekataa kwamba anaiangusha shule. Pendekeza kwa mtafiti atumie kikao cha wazazi, awaeleze mwenyewe kwa mdomo. Mzazi asiyesoma vizuri anaelewa vizuri akielezwa.

Wakishaondoka

Kabla ya kipimo cha mwisho, muulize mtafiti mrejesho utakuja lini na kwa lugha gani. Ripoti ya Kiingereza ya kurasa 60 iliyotumwa kwa barua pepe ya shule haiwafikii walimu 34 waliojaza hojaji. Omba kurasa mbili za Kiswahili na saa moja katika kikao cha walimu au katika jumuiya ya kujifunza ya MEWAKA, na omba matokeo mabaya yasomwe pamoja na mazuri. Walimu wakiwepo wakati wa kusomwa, mara nyingi wanaweza kueleza kwa nini zoezi fulani halikufanya kazi: lilihitaji duara katika chumba ambacho madawati hayasogei, au liliwekwa kipindi cha mwisho, watoto wakiwa na njaa.

Shuleni kwetu safari iliyopita tuliandika tarehe ya mrejesho kwa chaki ya rangi kwenye ubao wa matangazo, mbele ya mtafiti mwenyewe, naye akaandika namba yake ya simu chini yake. Tarehe ikipita kimya, mpigieni. Asipojibu baada ya mara mbili tatu, toeni nakala zenu za fomu ya ridhaa, angalieni mawasiliano ya bodi ya maadili yaliyo chini ya ukurasa wa mwisho, na mwandike barua moja iliyosainiwa na wote walioshiriki.